Mashine inawaka, klorini haionekani: kutatua matatizo ya maji ya elektrolisisi jikoni

"Fundi, mashine imekufa," msimamizi wa jiko aliniambia kwenye simu. "Nimechovya kipande cha kupimia, kimebaki cheupe pee."

"Umechota maji wapi, dada? Kwenye bomba la mashine au kwenye beseni?"

Akanyamaza kidogo. "Beseni."

Mashine ilikuwa nzima kabisa. Beseni lile lilikuwa limekwisha kuosha kreti tatu za mboga za majani zilizoingia na udongo wake, na klorini yote ilikuwa imeliwa na uchafu kabla kreti ya nne haijafika. Tangu siku hiyo sishiki bisibisi kabla sijauliza maji yamepimwa wapi. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye kipimo, unapitia kwenye beseni na ubao wa kukatia, na kuifikia mashine mwishoni.

Kwanza tukumbushane maji haya ni nini. Umeme hupitishwa kwenye maji yenye chumvi kidogo. Kwenye anodi, yaani ncha chanya ya umeme, kloridi iliyomo kwenye chumvi hugeuka klorini, na klorini ikikutana na maji hutoa asidi ya hipoklorasi. Hiyo ndiyo inayoua bakteria. Kwenye kathodi, ncha hasi, hutoka gesi ya haidrojeni, na maji ya upande huo huwa ya alkali. Mashine yenye kiwambo (utando unaotenganisha pande hizo mbili) katikati hutoa maji ya aina mbili kwa mabomba mawili: ya asidi kali, pH 2 hadi 3 (pH ni kipimo cha uasidi: chini ya 7 ni asidi, juu yake ni alkali), na ya alkali, pH 10 na kuendelea. Mashine isiyo na kiwambo huchanganya pande zote mbili. Ukiilisha chumvi tupu hukupa maji ya pH 8 hadi 9. Nyingine huongezewa asidi kidogo ya haidrokloriki ili pH ishuke hadi kati ya 5 na 6.5. Jua yako ni ya aina gani kabla hujaendelea, kwa sababu dalili ileile ina maana tofauti kwa kila aina.

Kipimo chenyewe kinadanganya

Unahitaji vitu vitatu: kipimo cha klorini huru (ile ambayo bado haijashikana na uchafu), mita ya pH, na saa. Watu wengi wana cha kwanza tu, tena kimekaa miezi mingi juu ya rafu iliyo karibu na mvuke wa sufuria. Vipande vya kupimia huharibiwa na unyevu na joto. Ukifungua kopo ukakuta rangi ya vipande imeanza kubadilika kabla hujavichovya, tupa. Tarehe ya mwisho iliyochapwa chini ya kopo isome pia. Haikuwekwa kwa ajili ya mapambo.

Kuna kosa moja ambalo limewasumbua hata mafundi. Kipimo cha DPD, kile cha unga au kidonge kinachogeuza maji kuwa ya waridi, kimetengenezewa klorini kidogo kama ya maji ya kunywa. Mimina ndani yake maji ya mashine yenye miligramu 60 kwa lita, na uangalie kwa makini: rangi ya waridi inawaka kwa kufumba na kufumbua, kisha inafifia, na glasi inabaki safi kama maji ya kawaida. Anayegeuka kuchukua kalamu anaporudi huandika sifuri. Kumbe klorini imezidi hata imeipausha rangi ya kipimo. Dawa yake ni kuzimua: chukua mililita 10 za maji ya mashine, ongeza mililita 90 za maji yaliyokenekwa, pima, kisha zidisha jibu kwa 10. Usizimue kwa maji ya bomba, kwani nayo huwa na klorini yake. Kama huna subira ya hesabu, tafuta vipande vinavyopima hadi miligramu 200 kwa lita au zaidi; namba zote za klorini hapa ni za kipimo hicho.

Karatasi za pH nazo hupaushwa na klorini zikakupa rangi isiyo kwenye jedwali. Tumia mita, na uisahihishe kwa vimiminiko vya pH 4 na pH 7 angalau mara moja kwa wiki.

Pima pia klorini huru, siyo jumla pekee. Klorini jumla inahesabu hata ile iliyokwisha kushikana na uchafu wa protini, ambayo nguvu yake ya kuua ni ndogo sana. Jumla 50 na huru 5 maana yake beseni limekwisha kazi, hata kama namba ya kwanza inapendeza.

Bombani ni nzuri, kazini imepotea

Hapa ndipo kesi nyingi zinapoishia. Maji yanatoka kwenye mashine na klorini 50, yanafika mezani na 10, na kila mtu anaitazama mashine kwa jicho baya.

Mtuhumiwa wa kwanza ni uchafu. Asidi ya hipoklorasi haichagui; inashambulia udongo, damu, mafuta, juisi ya mboga iliyokatwa na mabaki ya sabuni kwa hamu ileile inayowashambulia bakteria, na mara nyingi uchafu ndio mwingi zaidi. Jaribio rahisi: jaza ndoo mbili kutoka bomba moja. Ya kwanza iache wazi bila kuigusa. Ya pili chovya kitambaa cha jikoni kilichotumika asubuhi nzima, kikamue, kichovye tena. Pima zote mbili baada ya dakika tano. Kama ya kwanza imebaki karibu na ilivyokuwa na ya pili imeporomoka, umempata mwizi, na hakuna sababu ya kufungua mashine.

Tiba yake ni utaratibu: kwangua mabaki, osha kwa sabuni, suuza kwa maji safi, ndipo upake maji ya elektrolisisi, kisha acha pakauke penyewe. Anayepaka na kufuta hapohapo kwa kitambaa amerudisha alichokuwa akikiondoa. Mboga zenye udongo zisuuzwe kwanza kwenye maji ya kawaida hadi maji yasiwe na rangi. Kwenye beseni la kuoshea, pima klorini huru kila baada ya kreti moja au mbili hadi ujue linachoka wapi, halafu ubadilishe maji kabla ya kufika hapo. Kuongezea maji mapya juu ya machafu ni kuupelekea uchafu chakula.

Mtuhumiwa wa pili ni njia ambayo maji yamepita na muda yaliokaa. Klorini hupotea kwa mwanga, kwa joto, na kwa kukaa wazi. Maji ya asidi kali ndiyo yanayopotea upesi zaidi, kwa kuwa sehemu ya klorini yake ni gesi inayosubiri tu mlango ufunguliwe. Ndoo wazi karibu na jiko la moto ni mahali pabaya kuliko pote. Hifadhi kwenye chombo cha plastiki kisichopitisha mwanga, kilichojazwa hadi juu na kufungwa, na ukiandike siku na saa. Chupa ya kupulizia inayoonyesha ndani, iliyowekwa dirishani kwa sababu "inapendeza", nimeipima mara nyingi nikakuta maji ya chumvi tu. Ukikaa na maji muda mrefu sana sehemu ya klorini hugeuka pia kuwa klorati, ambayo haiui kitu na haitakiwi kwenye chakula. Tengeneza ya leo, tumia leo.

Usiyachanganye na maji ya moto ili "yapate nguvu". Joto huongeza kasi ya kuua kwa muda mfupi, lakini pia huifukuza klorini hewani ikaishia kwenye pua zenu.

Na kuna kosa linalochekesha likimtokea mwingine: mpira umeunganishwa kwenye bomba la alkali. Maji yanateleza vidoleni kama ya sabuni, hayana harufu, kipimo cha klorini hakisogei. Hayo ni maji ya kuondolea mafuta, tena mazuri kwa kazi hiyo, lakini si kitakasaji. Tia alama ya rangi kwenye mipira yote miwili. Na ukiosha kwa ya alkali kisha ukapaka ya asidi bila kusuuza katikati, mabaki ya alkali yanaipandisha pH ya maji yako pale pale juu ya ubao.

Klorini inatosha, lakini sampuli za maabara bado ni chafu

Dalili hii ndiyo inayonifurahisha kuifuatilia, maana kila mtu anaapa kwamba amefanya kila kitu sawasawa, na mara nyingi ni kweli isipokuwa kitu kimoja.

Anza na pH. Klorini huru uliyopima ina sura mbili: asidi ya hipoklorasi na hipoklorati. Zote zinasomeka kwenye kipimo kama namba moja, lakini ya kwanza inaua kwa nguvu ya makumi ya mara kuliko ya pili. Kinachoamua ipi ni nyingi ni pH. Kwenye pH 6, karibu asilimia 97 ni hipoklorasi. Kwenye pH 7.5, ni nusu kwa nusu. Kwenye pH 8.5, inabaki kama asilimia 9. Kwa hiyo jiko moja lenye 50 kwa pH 6 lina takriban 48 za kweli, na jiko jirani lenye 50 hiyohiyo kwa pH 8.5 lina 4 na nusu. Kipimo kimoja, rangi moja, kazi tofauti kabisa. Mashine ndogo za mezani zisizo na kiwambo ndizo zinazoangukia hapa: zinatangazwa kuwa zinatoa hipoklorasi, ilhali zikilishwa chumvi tupu hutoa zaidi hipoklorati. Hayo si maji mabaya, ila yanahitaji muda mrefu zaidi na klorini nyingi zaidi.

Watu huuliza kama wanaweza kudondosha siki ili kushusha pH. Kikemia inawezekana, jikoni sikushauri. Tone likizidi pH inashuka chini ya 4 na gesi ya klorini inaanza kutoka. Kama unahitaji pH ya 6, nunua mashine iliyojengwa kuitoa.

Pili, muda. Maji yanatakiwa kubaki juu ya sehemu yakiwa bado ni maji, kwa muda ulioandikwa kwenye mwongozo wa mashine yako. Simama na saa mkononi uone ukweli: mtu anapulizia ubao, anahesabu kichwani "dakika moja", na anapitisha kitambaa sekunde ya nane. Ubao uliosimamishwa wima pia hutiririsha maji yote chini kabla muda haujatimia. Ulaze, au upulizie tena.

Tatu, utelezi. Pitisha kidole chini ya ukingo wa sinki, kwenye mpira wa mlango wa friji, kwenye mifereji ya ubao uliochakaa. Ukihisi ulaini wa kamasi, hapo bakteria wamejijengea tabaka lao, na klorini inaishia juu ya tabaka bila kufika ndani. Listeria, bakteria anayeambukiza kupitia chakula, ni hodari wa maisha hayo, hasa kwenye baridi na unyevu. Hakuna kiwango cha klorini cha jikoni kitakachofanya kazi ya brashi. Sugua kwa sabuni au kwa yale maji ya alkali, suuza, ndipo utakase. Ubao wenye makovu ya kisu yasiyosuguliki ubadilishwe.

Nne, mbegu za bakteria. Bacillus cereus na Clostridium perfringens hutengeneza mbegu zenye ganda ambazo huvumilia klorini kuliko bakteria wa kawaida. Kama maabara imetaja mojawapo, angalia kwanza jinsi chakula kinavyopozwa na kupashwa moto. Tatizo liko huko zaidi kuliko kwenye sinki.

Halafu kuna majibu yanayopotosha. Kifaa cha kusoma ATP, kemikali iliyomo kwenye seli za viumbe, hakipimi uhai. Kinapima mabaki ya viumbe na chakula, hivyo bakteria waliokufa na chembe za nyama bado watawasha namba. Kwa upande mwingine, klorini iliyobaki juu ya meza inaweza kuuvuruga mwanga wa kifaa hicho ukapata namba ndogo ya uongo. Pima ATP baada ya kuosha na kusuuza, kabla ya kutakasa. Sampuli za kuotesha maabara nazo zinahitaji kijiti chenye thaiosalfeti ya sodiamu, inayozima klorini papo hapo. Bila hiyo, klorini inaendelea kuua ndani ya kichupa njiani, na maabara inakupa cheti kizuri kuhusu meza chafu. Kama majibu yako yamekuwa safi mno kwa miezi, uliza vijiti vyao vina nini.

Kwa mboga, punguza matarajio. Kuosha majani kwa maji ya klorini hupunguza bakteria kwa kiasi cha asilimia 90 hadi 99, na waliojificha kwenye vinyweleo vya jani na kwenye mikato hawaguswi. Kazi kubwa ya klorini kwenye beseni ni kuzuia kreti moja mbaya isiambukize nyingine zote kupitia maji.

Harufu inachoma macho

Acheni kazi, fungueni milango, ndipo mtafute sababu. Gesi ya klorini ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hukaa chini: anayeinama kusugua sakafu huumia kabla ya aliyesimama.

Harufu kali haina maana moja. Ukipima ukakuta pH chini ya 4 na klorini huru iko juu, ni gesi ya klorini inayotoka kwenye maji yenyewe. Mashine ya asidi kali inahitaji chumba kinachopitisha hewa na bomba la kutolea mvuke nje. Bomba hilo hilo ndilo linalobeba haidrojeni, ambayo huweza kulipuka ikifika asilimia 4 ya hewa, kwa hiyo usiifungie mashine kabatini. Lakini ukikuta harufu kali na klorini huru karibu na sifuri, ni kloramini: klorini iliyokutana na protini, au na sabuni ya usafi yenye amonia. Hapo watu huongeza maji ya klorini wakidhani yamepungua, na harufu inazidi. Mwaga, osha, anza upya.

Maji haya yasikutane na siki, dawa ya kuondolea ukoko wa chokaa, amonia, wala dawa nyingine yoyote ya kusafishia. Hata ndani ya ndoo "iliyokwisha kusuuzwa".

Kutu, madoa, ladha

Klorini na chumvi hutoboa hata chuma kisichoshika kutu, kwa vidoti vidogo vya kahawia, hasa maji yakiachwa yatuame kwenye kona. Alumini, shaba na chuma cha kawaida huharibika upesi zaidi. Springi ndani ya chupa ya kupulizia ikishika kutu, huila klorini pia, kwa hiyo chupa ileile ni tatizo mara mbili. Punguza chumvi kama maji yana ladha ya bahari, na usipandishe klorini kupita kinachohitajika. Marekani inaruhusu hadi miligramu 200 kwa lita kwenye vyombo vinavyogusa chakula bila kusuuza. Hicho ni kikomo cha juu, si lengo. Japani, ambayo ilikubali maji haya kwenye orodha ya viongeza vya chakula mwaka 2002, inayaweka yale ya pH 5 hadi 6.5 kati ya 10 na 80, na inataka yaondolewe kabla chakula hakijakamilika. Mboga ikibaki na harufu, hukuisuuza.

Sasa mashine

Umechota bombani kabisa, kipimo ni kipya, umezimua vizuri, na klorini bado iko chini. Soma ampea na volti kwenye kioo.

Ampea chini: umeme haupiti vizuri. Fungua tangi la chumvi. Mara nyingi chumvi ya juu imegandana kama dari na chini yake ni shimo tupu; itoboe kwa kijiti cha mbao. Angalia kama kuna hewa kwenye mpira wa pampu ya maji ya chumvi. Maji ya kuingilia yakiwa baridi sana, umeme hupungua pia. Na uangalie aina ya chumvi: iwe safi, isiyo na madini joto wala unga wa kuzuia kugandana. Chumvi ya mezani huacha tope ndani ya pampu.

Ampea sawa, klorini chini: maji yanapita kwa kasi mno. Punguza mtiririko hadi kiwango cha mwongozo.

Volti inapanda wiki hadi wiki na ampea inashuka: ukoko. Kalisi na magnesi za maji magumu hujenga tabaka jeupe juu ya kathodi, sawa na lile la ndani ya birika. Zima mashine, pitisha maji matupu hadi klorini iishe kabisa kwenye kipimo, ndipo uzungushe asidi ya sitriki, gramu 50 kwa lita, kwa nusu saa, na usuuze. Usiruke hatua ya maji matupu. Asidi ikikutana na klorini iliyobaki ndani, gesi inatokea usoni pako. Usikwangue elektrodi kwa kisu. Ukoko ukirudi ndani ya mwezi, tatizo ni maji yanayoingia, na unahitaji chujio la kulainisha maji kabla ya mashine.

Umeondoa ukoko, chumvi ni sahihi, maji si baridi, mtiririko ni sawa, na ampea bado hazipandi. Itoe seli, yaani sehemu yenye anodi na kathodi, uitazame kwenye mwanga. Anodi ni titani iliyopakwa tabaka jembamba la platini au la oksidi za ruthenamu na iridiamu. Ukiona mabaka ya rangi ya fedha katikati ya weusi wa tabaka, hapo titani imebaki uchi, na titani iliyo uchi haitengenezi klorini. Haipakwi upya jikoni. Andika namba ya seli, agiza nyingine.